Kutoka Chanja la Ng'onda Hadi Forodha ya Unguja
Somo la redio kwa watu wazima: Historia

Wale wenye ramani ya dunia na waitandaze mezani. Leo tutavuka bahari, tufike pwani ya mashariki ya Marekani ya Kaskazini, mahali panapoitwa New England, tukatazame jinsi vijiji vidogo vya wavuvi vilivyogeuka kuwa miji ya biashara ya ng'ambo.

Huenda mmoja wenu akauliza: yatuhusu nini sisi habari za wavuvi wa mbali, walioishi miaka 400 iliyopita? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni neno moja ambalo mabibi zetu walilijua sana, nalo ni merikani. Ile nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, na wengi walioileta Unguja walikuwa mabaharia wa mji mmoja mdogo uitwao Salem. Nao mji wa Salem, kabla ya kuuza nguo, pilipili manga au pembe za ndovu, uliishi kwa samaki wakavu. Basi tukitaka kujua merikani ilifikaje Unguja, hatuna budi kuanza na ng'onda.

BAHARI YENYE SAMAKI TELE

Katika mwaka 1497 nahodha John Cabot, mzaliwa wa Italia aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Uingereza, alitweka kutoka bandari ya Bristol akafika upande wa Newfoundland. Aliporudi, habari zilienea London kwamba bahari ile imejaa samaki hata mtu aweza kushusha kikapu kilichofungwa jiwe, akakipandisha kimejaa. Labda maneno yalitiwa chumvi kidogo, lakini msingi wake ulikuwa kweli. Mahali pale mkondo wa maji baridi kutoka kaskazini hukutana na mkondo wa maji ya moto kutoka kusini, na chini yake pana sehemu kubwa zenye kina kifupi. Vijidudu vya baharini huzaana kwa wingi, samaki wadogo huvila, na samaki wakubwa huwafuata wadogo.

Samaki mkuu wa huko hana jina lake hasa katika Kiswahili, maana hapatikani katika maji yetu ya joto. Vitabu vingine humwita chewa, ingawa chewa wa kwetu ni samaki mwingine. Sisi katika somo hili tutamwita chewa wa baridi. Sifa yake kubwa ni kwamba nyama yake haina mafuta mengi. Kila mvuvi ajua kwamba samaki mwenye mafuta huharibika upesi hata akianikwa. Lakini chewa wa baridi akipasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa vizuri, hukaa miezi mingi bila kuoza, akawa mgumu kama ubao na mwepesi wa kupakiwa merikebuni.

Wateja nao walikuwako tayari. Katika Hispania, Ureno, Ufaransa na Italia, Wakristo wa Kanisa Katoliki walikatazwa nyama siku za Ijumaa na katika Kwaresima, lakini samaki waliruhusiwa. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka 100 baada ya Cabot, Waingereza, Wafaransa, Wareno na Wabaski walivuka bahari kila mwaka penye majira ya kuchipua, wakavua na kukausha samaki ufukoni, kisha wakarudi kwao kabla ya baridi kali. Hawakujenga miji. Walijenga vibanda na chanja, wakaviacha.

KIJIJI KILICHOSHINDWA

Yafaa tukumbuke kwamba pwani ile haikuwa tupu. Wenyeji wake, kama Wawampanoagi na Wamassachusetti, walilima mahindi, maboga na maharagwe, na walijua kuvua tangu kale. Kukutana kwao na wavuvi wa Ulaya hakukuwa kwa heri siku zote. Mwaka 1614 John Smith alipeleleza pwani hiyo, na ndiye aliyeipa jina la New England. Alipoondoka alimwacha Thomas Hunt na merikebu moja ili amalize kukausha samaki na kuwapeleka Hispania. Hunt aliwahadaa wenyeji zaidi ya 20, akawatia merikebuni pamoja na samaki, akaenda kuwauza Málaga kama watumwa. Kisha, kati ya mwaka 1616 na 1619, maradhi yaliyoletwa na wageni yaliwaua wenyeji wengi mno, hata vijiji vingine vikabaki mifupa mitupu.

Katika mwaka 1620 Waingereza waliokuja kwa ajili ya dini yao walijenga Plymouth. Walitumaini kuishi kwa kuvua, lakini wengi hawakuijua kazi hiyo. Mwaka 1622 njaa iliwabana, ikawa lazima mmoja wa viongozi wao, Edward Winslow, aende kwa mashua hadi kisiwa cha Damariscove kuwaomba chakula wavuvi wa msimu. Wavuvi wale walimpa walichokuwa nacho, wala hawakutaka malipo.

Mwaka uliofuata, yaani 1623, kampuni moja ya mji wa Dorchester katika Uingereza ilijaribu njia mpya. Walisema: Kwa nini tuwarudishe wavuvi wetu kila mwaka? Tuwaache baadhi yao huko huko, walime wakati wa baridi na kuvua wakati wa samaki. Basi wakawaacha watu 14 mahali paitwapo Cape Ann, ambapo leo pana mji wa Gloucester. Lakini shauri hilo halikufaulu. Mchungaji John White, aliyekuwa mmoja wa wenye shauri hilo, alieleza baadaye sababu zake. Mahali pazuri pa kuvulia aghalabu si pazuri pa kulima, na mvuvi hapendi jembe, wala mkulima hapendi mashua. Pamoja na hayo kampuni ilipata hasara katika kuuza samaki. Ilipofika mwaka 1626 kampuni ilikuwa imekwisha vunjika.

Wengi walirudi kwao. Wachache, wakiongozwa na Roger Conant, walihama wakaenda kusini-magharibi mpaka mahali ambapo wenyeji walipaita Naumkeag. Hapo palikuwa na bandari na udongo unaofaa. Mwaka 1629 waliubadili jina mji wao wakauita Salem. Jina hilo ni la Kiebrania, lina maana ya amani, nalo ni ndugu wa neno letu salama.

KAZI YA NG'ONDA

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Wavuvi waliondoka alfajiri kwa mashua ndogo, watu watatu au zaidi, kila mmoja na mshipi wake, timazi, ndoana na chambo. Hawakutumia nyavu kubwa. Samaki mmoja mmoja alivutwa kwa mkono, katika baridi iliyopasua vidole.

Walipopanda pwani kazi nyingine ilianza. Mtu wa kwanza alikata kichwa na kutoa matumbo. Mtu wa pili alimpasua samaki na kuondoa sehemu kubwa ya uti, naye ndiye fundi aliyelipwa zaidi, maana kisu kikikosea samaki hupoteza bei. Mtu wa tatu alitia chumvi. Maini yalikusanywa katika mapipa yapate kutoa mafuta ya taa na ya kulainisha ngozi. Baada ya siku kadha samaki walioshwa, wakaanikwa juu ya chanja za miti zilizoinuliwa kutoka ardhini ili upepo upite juu na chini. Mchana waligeuzwa, na usiku au wakati wa mvua waligeuzwa ngozi juu. Jua likizidi, nyama huungua; unyevu ukizidi, huoza. Kina mama wa pwani yetu wanaopasua na kuanika papa ng'onda wataielewa kazi hii bila maelezo mengi.

Serikali ya koloni la Massachusetts ilitambua thamani ya kazi hiyo. Mwaka 1639 ilitoa sheria ya kuvisamehe kodi kwa miaka saba vyombo vya uvuvi, na kuwaruhusu wavuvi na maseremala wa mashua wasiende katika mazoezi ya askari wakati wa msimu. Halafu tangu mwaka 1642 kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe katika Uingereza, na wavuvi wa kule wakapungua kuja. Nafasi hiyo ilichukuliwa na watu wa Salem, Marblehead, Boston na Gloucester. Tangu hapo samaki aliyevuliwa New England alikaushwa na watu wa New England, akachukuliwa kwa vyombo vyao wenyewe.

MERIKEBU HAZIRUDI TUPU

Samaki waliokauka walichaguliwa kwa daraja. Wale wazuri, weupe na wazima, walipelekwa Bilbao, Ureno na visiwa vya Madeira. Merikebu zilirudi na chumvi, divai, matunda na fedha. Chumvi hiyo ilitumiwa kukausha samaki wengine, na fedha ilinunua vyombo vya chuma na nguo za Uingereza.

Je, wale samaki wabaya, waliovunjika, waliochomwa na jua au waliozidi chumvi, walikwenda wapi? Hawakutupwa. Walipelekwa katika visiwa vya Karibi, kama Barbados na Jamaika, wakawa chakula cha watumwa. Mabwana wa mashamba ya miwa hawakupenda kuacha ardhi ya sukari ilimwe chakula, wala hawakupenda kutoa fedha nyingi kuwalisha Waafrika waliowanunua. Walitaka chakula cha bei ndogo kabisa kisichooza upesi, na New England ilikuwa nacho. Merikebu zilirudi na sukari na asali nyeusi ya miwa, ambayo ilipikwa ikawa pombe kali iitwayo ramu. Sehemu ya ramu hiyo ilipelekwa pwani ya Afrika ya Magharibi, ikabadilishwa kwa watu.

Tazameni mfano wa merikebu moja. Iliitwa Desire, ikajengwa Marblehead, kijiji cha wavuvi, katika mwaka 1636. Mwaka 1637, baada ya vita na Wapequoti, ilichukua mateka wa kabila hilo kuwapeleka utumwani ng'ambo. Mwaka 1638 ilirudi kutoka visiwani na pamba, tumbaku, na Waafrika. Hapo ulikuwa haujapita muda wa miaka kumi tangu Salem ipewe jina la amani.

Jambo hili lataka tulifikiri kwa utulivu. Mvuvi wa Marblehead huenda hakumwona mtumwa hata mmoja. Yeye alivuta mshipi wake. Lakini bei ya samaki wake mbaya ilitegemea kuwako kwa watu waliofungwa katika mashamba ya miwa. Hivyo ndivyo biashara ya ng'ambo ilivyo: mnyororo wake ni mrefu, na mtu aliye mwisho mmoja hawaoni walio mwisho wa pili.

NANI ALIFAIDI?

Hata kwa mvuvi mwenyewe mambo hayakuwa rahisi. Mvuvi maskini hakuwa na mashua, chumvi wala chakula cha safari. Vitu hivyo alikopeshwa na mfanya biashara mwanzoni mwa msimu, pamoja na nguo, viatu na pombe. Naye aliahidi kumpelekea mfanya biashara huyo samaki wake wote. Msimu ulipokwisha, hesabu ilifanywa katika daftari la mwenye duka. Ni yeye aliyetia bei ya vitu alivyokopesha, na mara nyingi ni yeye pia aliyesema samaki ni wa daraja gani. Basi wengi waliumaliza msimu wakiwa na deni, wakalazimika kurudi kwa bwana yule yule mwaka wa pili. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Tena bahari ilidai haki yake. Mji wa Gloucester una kumbukumbu ya wavuvi wake waliopotea baharini tangu mwaka 1623, na majina yao yapita 5,000. Wakati huo huo wafanya biashara walijenga majumba makubwa. Mwaka 1784 mmoja wao, John Rowe, alitoa shauri kwamba sanamu ya chewa wa baridi, iliyochongwa kwa mti, itundikwe katika baraza la wajumbe wa Massachusetts, iwe ukumbusho wa faida ya uvuvi kwa nchi. Sanamu hiyo yenye urefu wa karibu futi 5 ingali ikining'inia huko Boston. Samaki alipewa sanamu barazani, na mvuvi aliandikwa katika daftari la deni.

KUTOKA SAMAKI HADI UNGUJA

Biashara ya samaki iliingia pia katika siasa. Mwaka 1775, ugomvi ulipozidi, Bunge la Uingereza liliwakataza watu wa New England wasivue katika bahari ya kaskazini, likidhani njaa itawatiisha. Haikuwa hivyo. Vita vilikuja, na katika mapatano ya mwaka 1783 John Adams wa Massachusetts alishikilia kwa nguvu haki ya kuvua Newfoundland, akaipata.

Lakini uhuru nao ulikuwa na bei yake. Waingereza waliwafungia Wamarekani bandari za visiwa vyao vya Karibi. Wafanya biashara wa Salem walikuwa na merikebu, mabaharia na fedha, lakini soko lao la zamani limefungwa mlango. Ikawabidi kutafuta bahari nyingine. Merikebu iitwayo Grand Turk, ya Elias Hasket Derby, ilifika Canton katika Uchina mwaka 1786. Nyingine zilikwenda Sumatra kununua pilipili manga. Na baadhi zilifika pwani yetu.

Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Edmund Roberts alifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja. Wamarekani wangelipa ushuru wa asilimia 5 tu. Waingereza walipata mapatano kama hayo mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Alikuwa mtu wa Salem.

Waters alikuwa mfanya biashara pia. Alipatana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Unguja, yaani aliyemlipa Sultani kiasi kilichopatanwa, naye akachukua ushuru wote. Wawili hao waliishika sehemu kubwa ya biashara ya Wamarekani. Merikebu za Salem zilileta merikani, bunduki na baruti, zikachukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Sandarusi iliyochimbwa Mrima ilisafishwa huko Salem ikawa vanishi ya kupaka viti na meza. Pembe zilifanywa vitana na vibonye vya kinanda. Katika mji huo kulikuwa hata na kiwanda cha nguo kilichopewa jina la kale la mahali hapo, Naumkeag.

Katika shajara yake Waters alieleza jinsi alivyochukizwa na kuuzwa kwa watumwa Unguja. Walakini karafuu zilichumwa na watumwa, pembe nyingi zilifika pwani kwa jasho la wapagazi na mateka, na pamba ya merikani ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mnyororo ule ule wa samaki ulikuwa umerefuka tu, ukafika kwetu.

Msidhani kwamba safari zilikuwa za upande mmoja. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ilifika New York chini ya Ahmad bin Na'aman, ikiwa na tende, kahawa, pembe, karafuu na sandarusi. Watu wa New York walimiminika bandarini kuitazama. Hata hivyo, safari hiyo haikuanzisha desturi. Merikebu nyingi, bima na masoko vilibaki mikononi mwa watu wa ng'ambo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Bombay na Uingereza ziliijaza nafasi ya merikani, na Salem ikafifia.

TUJIFUNZE NINI?

Wasikilizaji, na tukusanye maneno yetu. Kwanza, wingi wa mali katika nchi au bahari hautoshi. Cape Ann ilikuwa na samaki tele, na kijiji kikashindwa. Salem ilifaulu ilipounganisha bandari, shamba, chombo na soko, pamoja na sheria iliyomsaidia mvuvi.

Pili, mali haimfuati aliyeitoa jasho, ila humfuata anayeshika daftari, mizani na chombo cha kusafirishia. Ilikuwa hivyo Marblehead, ikawa hivyo katika forodha ya Unguja. Kwa hiyo watu wa kazi wanapojifunza kusoma, kupima na kuweka hesabu zao wenyewe katika chama chao, si jambo dogo. Wanashika mahali penyewe faida inapopitia.

Tatu, hata bahari ina mwisho. Samaki waliosemekana kuvuliwa kwa kikapu walivuliwa kwa mshipi, kisha kwa meli kubwa za mitambo katika karne ya 20, mpaka wakakaribia kwisha. Tarehe 2 Julai 1992 Serikali ya Kanada ilikataza uvuvi wa biashara wa chewa wa baridi katika maji ya Newfoundland. Watu zaidi ya 30,000 walipoteza kazi, na vijiji vilivyoishi kwa samaki karne nyingi vikahamwa. Katazo hilo lilidumu zaidi ya miaka 30, mpaka mwaka 2024 uvuvi ulipofunguliwa tena kwa kiasi kidogo. Anayevua leo kwa nyavu za matundu madogo, au kwa baruti, katika pwani na maziwa yetu, na aitafakari habari hiyo.

MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini chewa wa baridi alifaa biashara ya mbali kuliko samaki wengine?
2. Mvuvi wa Marblehead alikopeshwa vitu kabla ya msimu. Je, mnajua mazao ya kwetu yanayouzwa kwa njia kama hiyo? Chama cha ushirika chaweza kusaidiaje, na chaweza kushindwa kwa sababu gani?
3. Mtu anayeuza au kununua kitu kilichotokana na dhuluma asiyoiona, ana lawama au hana? Kila mmoja atoe sababu zake.
4. Waulizeni wazee wa mahali penu: merikani ilitumiwa kwa kazi gani, na ilibadilishwa kwa vitu gani? Mwandishi wa kikundi na ayaandike majibu.

Msiogope kubishana, ila mbishane kwa adabu, na kila mtu apewe nafasi ya kusema, kina mama na kina baba. Kwa leo somo letu limefika mwisho. Kwa herini, wasikilizaji.